Uzi wa globu za kioo za pampu za petroli: zilikotoka, zilivyopotea, na kwa nini watu wanazigombania minadani

Karabai:
Wakuu, salamu. Kwenye uzi wa magari ya zamani nilibandika picha ya rafu ya sebuleni kwangu, watu wakaacha gari wakaanza kuuliza yale matufe meupe yenye maandishi ni nini. Mmoja kasema ni taa za baa. Basi nimeamua kuufungulia mambo haya uzi wake.

Zile ni globu za pampu za petroli. Kuanzia kama miaka ya 1910 hadi miaka ya 1960, pampu ya sheli huko Marekani na Uingereza ilivaa kichwa cha kioo chenye balbu ndani. Usiku dereva aliliona jina la mafuta toka mbali, anapunguza mwendo, anaingia. Mimi niko Uingereza, fundi umeme wa majumbani. Niliingia huku kwa kuwafungia wateja waya kwenye globu zao, mwisho nikaanza kununua za kwangu. Mke wangu ana maoni yake juu ya hilo, tuyaache.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1885, mji wa Fort Wayne jimbo la Indiana, Marekani, jamaa anaitwa Sylvanus Bowser alimuuzia mwenye duka la vyakula pampu ya kutolea mafuta ya taa. Magari yenyewe bado. Karl Benz ndiyo kwanza alikuwa anahangaika na gari lake la magurudumu matatu kule Ujerumani. Magari yalipokuja, mashine ya muuza mafuta ya taa ikarekebishwa ikawa ya petroli.

Lakini kabla pampu hazijaenea, petroli ilinunuliwa kwenye kopo. Uingereza lilikuwa kopo la bati la galoni mbili, unalipata gereji, hotelini, hata duka la dawa. Kopo lilikuwa na raha yake: limefungwa, lina jina la kampuni, mfuniko wa shaba una lakiri. Ukinunua Pratts unajua umenunua Pratts. Pampu ikaja kuharibu hayo yote. Tangi liko chini ya ardhi, bomba halionekani, mwenye gereji anavuta mkono wa pampu huku anakuchekea. Kilichomo humo anakijua yeye na Mungu wake.

Globu ilipachikwa juu ya pampu kwa ajili ya hofu hiyo. Kampuni ilikuwa inamwambia dereva: haya ni yangu, nimeyawekea jina. Watu wengi wanaozikusanya wanapenda rangi na michoro. Mimi napenda kwamba zimetengenezwa kwa sababu watu hawakuaminiana.

Naendelea baadaye, nipo kazini.

Kijana wa Mabibo:
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mkuu.

Mchuuzi Mstaafu:
Mkuu Karabai, umegusa penyewe. Kwani sisi hatukupitia hayo? Wakumbuka ule wakati wa uchakachuaji, mafuta ya taa yanamwagwa kwenye dizeli na petroli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Magari yanazimika barabarani, mafundi wanavuna. Ndipo 2010 EWURA, wale wasimamizi wa nishati Tanzania, wakaleta vinasaba, yaani kemikali ya kuyatia mafuta alama, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili chakachua ikose faida. Vinasaba havionekani kwa macho. Wenzetu walitumia kioo na taa, sisi tukatumia kemikali. Shida ni ileile.

Karabai:
@Mchuuzi Mstaafu shikamoo mzee wangu. Ndiyo hivyo hivyo. Na Marekani ya miaka ya 1920 wachakachuaji walikuwa wengi. Mwenye kituo anachukua globu ya kampuni kubwa, chini anajaza petroli ya bei chee. Kwa hiyo globu peke yake haikutosha, ndipo nije kwenye kioo cha pili.

Tafuteni picha ya pampu za miaka ya 1920 zenye silinda ndefu ya kioo. Mhudumu alivuta mkono wa pampu kwenda mbele na nyuma, petroli inapanda kutoka tangini mpaka inaijaza silinda ile juu, mara nyingi ya galoni kumi. Ndani kuna alama za galoni kama rula. Mteja anasimama anahesabu kwa macho yake. Halafu valvu inafunguliwa na mafuta yanateremka kwa uzito wake hadi kwenye tangi la gari. Silinda ilijibu swali la kiasi, globu juu yake ikajibu swali la nani kayaleta.

Sasa kwa kuwa mafuta yalionekana, makampuni yakaanza kuyatia rangi! Sun Oil walitoa Blue Sunoco mwaka 1927, petroli ya bluu kabisa. Petroli yenye madini ya risasi iliyouzwa kwa alama ya Ethyl ilitiwa rangi nyekundu. Hebu fikiria barabara ya mji mdogo wa Marekani usiku, silinda za bluu na nyekundu zinawaka chini ya matufe meupe. Kuna siku natamani ningezaliwa wakati huo, halafu nakumbuka mtu wa rangi yangu angehudumiwaje kwenye kituo hicho, natulia.

Bongo Texas:
Wadau, niruhusuni nichangie upande wa huku Marekani maana nakaa huku na nimeshahudhuria lile gulio la magari ya zamani la Hershey, Pennsylvania kila Oktoba, na Iowa Gas, mkutano wa wakusanyaji wa vitu vya petroli kule Des Moines. Hapo ndipo utaona mtu mzima analia kwa sababu ya kioo.

Watu huuliza kwa nini globu za Marekani zina majina mengi namna ile. Sababu kubwa ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1911 iliyoivunja Standard Oil ya Rockefeller ikawa makampuni 34. Kila kipande kikapewa eneo lake, na jina la Standard likawa la ugomvi. Wengine walibaki nalo, wengine wakabuni mapya. Juu ya hao kulikuwa na makampuni madogo ya wilaya tu, yenye vituo vichache. Hao wadogo ndio wanaotutoa jasho sisi wakusanyaji, maana kampuni ikifa baada ya miaka michache globu zake zinakuwa za kuhesabika.

Kwa aina, ziko hivi:

Za kwanza kabisa ni za kipande kimoja, tufe zima la kioo cheupe kama maziwa, maandishi yamechongwa au yamechorwa kwa rangi iliyookwa kwenye tanuri. Hizi ndizo wafalme. Zikafuata za fremu ya chuma, bati la duara lenye lenzi mbili za kioo, mbele na nyuma, kipenyo inchi 15 au 16 na nusu. Kisha zikaja zenye mwili wa kioo na lenzi za inchi 13 na nusu, hizo ndizo utakazokutana nazo sana. Mwisho mwili wa plastiki, maarufu zinaitwa Capcolite, lenzi zikiwa bado za kioo. Shingo ya chini kwa kawaida ni inchi 6, inakaa kwenye pete ya juu ya pampu.

Halafu kuna zenye umbo. Shell walikuwa na kombe la baharini. Standard ya Indiana walikuwa na taji, kioo kizima kimefinyangwa kama taji la mfalme, rangi ikitofautisha daraja la mafuta. Taji jekundu liko kila mahali, usidanganywe ukaambiwa ni adimu. Likiwa na rangi yake ya asili na halina ufa, sawa, lipia. Likiwa limepakwa upya na mtu gereji kwake, mwachie.

Kijana wa Mabibo:
Wakuu mbona kama chai? Taji la kioo juu ya pampu ya petroli, na watoto wenye manati wapo?

Bongo Texas:
@Kijana wa Mabibo ndiyo maana zimebaki chache, mdogo wangu 😂 Mawe, mvua ya barafu, malori yanayorudi nyuma bila kuangalia. Manati yamefanya kazi kubwa kuliko wakusanyaji katika kupandisha bei.

Injinia Kipara:
Samahani kwa kuharibu harusi. Mnaisifia Ethyl kama vile ni manukato. Ile rangi nyekundu ilikuwa imebeba tetraethyl lead, risasi. Iliuzwa mara ya kwanza Februari 1923, Dayton, Ohio, baada ya Thomas Midgley na wenzake wa General Motors kugundua inazuia injini kugonga. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu yake, wengine walichanganyikiwa akili kabla ya kufa. Uuzaji ukasimamishwa 1925, mwaka uliofuata ukarudi. Na walichagua jina Ethyl ili neno risasi lisionekane popote kwenye kibao wala kwenye globu.

Sisi kusini mwa Sahara tuliiondoa kufikia Januari 2006. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani, 2021. Kizazi chetu tumeivuta vya kutosha vituo vya daladala. Kwa hiyo mtu akiniambia globu ilikuwa alama ya uaminifu, ninacheka.

Karabai:
@Injinia Kipara hujaharibu chochote, na hapo ndipo utamu wa kukusanya ulipo. Globu yenye alama ya Ethyl ninayo moja. Kampuni ilimhakikishia dereva kwamba mafuta ni yake, na ilisema kweli. Haikuahidi kwamba hayatamdhuru. Mtu aliyeiona alama ile akalipa senti za ziada alipata alicholipia pamoja na asichoambiwa.

Sasa nije Uingereza, ambako nina ushahidi wa karibu zaidi.

Chama cha wenye magari, AA, kilifungua kituo chake cha kwanza mwaka 1919 pale Aldermaston, Berkshire. Marekani walishatangulia: Gulf walifungua kituo cha kuingia na gari mjini Pittsburgh tarehe 1 Desemba 1913, siku ya kwanza wakauza galoni 30 kwa senti 27 galoni moja. Leo bodaboda chache tu zingeyamaliza hayo.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba gereji ya Uingereza ya miaka ya 1920 na 1930 haikuwa ya kampuni moja. Mwenye gereji alikuwa na pampu zimepangwa mstari, hii Shell, hii BP, hii Pratts, hii National Benzole, hii ROP. Hiyo ROP ni Russian Oil Products, mafuta ya Wasovieti yanauzwa mchana kweupe kwa Waingereza. National Benzole yao ilichanganywa na benzoli inayotokana na makaa ya mawe, na globu yake ina kichwa cha Mercury, yule mungu wa Kirumi mwenye kofia ya mabawa. Cleveland Discol ilikuwa na alkoholi ndani yake, tena toka miaka ya 1920, kabla hatujaanza kusifiwa mafuta ya miwa.

Ukisimama mbele ya mstari huo, pampu zenyewe zinafanana. Globu ndiyo inayokuambia uende ipi. Ukiielewa picha hiyo utaelewa pia kwa nini zilikufa.

Vita ilipoanza Septemba 1939, serikali iliyaunganisha makampuni, petroli yote ikawa moja inaitwa Pool, majina yakaondolewa. Mgawo wa petroli uliisha Mei 1950, lakini majina ya kampuni yaliruhusiwa kurudi pampuni Februari 1953. Katikati ya hapo makampuni yalikuwa yameshajifunza. Yaliwafuata wenye gereji yakawafunga mikataba: uza mafuta yangu peke yake, nitakupaka rangi kituo, nitakupa bango kubwa. Dereva akaanza kuchagua akiwa bado barabarani, akiangalia bango na rangi ya kituo kizima. Akishaingia, pampu zote ni za bwana mmoja. Globu ikabaki inaangaza tu. Kufikia miaka ya 1960 pampu mpya za umeme zilikuja fupi, zenye taa zake ndani, na paa lenye mwanga juu. Vichwa vikang'olewa, vikatupwa uani. Vingine vimekaa huko miaka arobaini vinafuga konokono.

Dada wa Kuze:
Kaka Karabai, mimi wa Mombasa, nimesoma uzi wote na sijatoka. Swali: huku kwetu je? Marehemu babu alikuwa dereva wa lori na hadithi zake zote ni za madebe, hakuna hata moja ya pampu yenye taa.

Mchuuzi Mstaafu:
@Dada wa Kuze mwanangu, babu yako alisema kweli. Petroli na mafuta ya taa vilishuka bandarini kwenye debe la bati la galoni nne, madebe mawili ndani ya kasha moja la mbao. Ndiyo lita 18 zile. Mafuta yakishaisha, debe lina kazi mia: kupimia mahindi, kuchotea maji, kuezekea banda, kutengenezea vibatari. Nchi nzima imepima nafaka kwa kifungashio cha makampuni ya mafuta. Kama kungekuwa na akili ya kukusanya, mngekusanya madebe yenye maandishi yaliyopigwa mhuri kwenye bati. Lakini nani aliacha debe zima?

Karabai:
Mzee kamaliza. Naongeza kimoja cha Afrika. Yule farasi mwekundu mwenye mabawa wa Mobil mnayemwona kwenye globu za Kimarekani, anayeuzwa kama alama ya Amerika yenyewe, alianzia bara letu. Vacuum Oil, kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Mobil, walimsajili Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1911. Amerika alihamia baadaye. Kila nikiona Mmarekani kamweka ukutani na bendera yake pembeni natabasamu.

Bongo Texas:
Hili sikulijua. Kesho nina jirani wa kumsumbua.

Kijana wa Mabibo:
Tuje kwenye pesa sasa. Nikipata moja nauza shilingi ngapi? Na nitajuaje sijauziwa feki?

Karabai:
Nilijua tutafika huku.

Bei: za kawaida za Uingereza zinakwenda kwa mamia ya pauni, nadra zinavuka elfu. Marekani kipande kimoja cha kampuni ndogo iliyokufa kinaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Kinachopandisha ni uchache wa jina, umbo, na hali ya rangi. Ufa mdogo unaoteremka kutoka shingoni unakata bei vibaya, hata kama mbele inang'aa.

Feki zipo nyingi, hasa za Shell. Tena si zote ni za wizi. Nyingine zilitengenezwa kihalali kama mapambo, baadaye muuzaji anaipaka vumbi na kukuletea hadithi ya gereji ya babu yake. Hadithi ikiwa tamu sana, weka pochi mfukoni.

Mimi huanzia shingoni, sio kwenye maandishi. Globu iliyofanya kazi ilibanwa kwa skrubu au pete miaka na miaka, lazima ukingo wa chini uwe na vijino vidogo na mikwaruzo, na uchafu ulioingia kwenye mikwaruzo hiyo. Shingo laini kama ya bilauri mpya ni dalili mbaya. Kisha angalia ndani, juu ya mahali balbu ilipokaa, mara nyingi kuna kivuli cha joto na wadudu waliokauka. Kisha pitisha ukucha kwenye herufi. Rangi iliyookwa haibanduki. Stika ina ukingo unaousikia. Za Uingereza tafuta maandishi madogo chini: Hailware ni ya Hailwood & Ackroyd wa Morley karibu na Leeds, wametengeneza nyingi mno. Pia kuna ile sentensi ya Kiingereza inayosema ni mali ya Shell-Mex & B.P. Ltd na irudishwe ikidaiwa.

Dada wa Kuze:
Subiri kwanza. Ina maana globu si yako? Wakija kuidai?

Karabai:
😂 Kampuni ile ilikuwa ubia wa Shell na BP ulioundwa 1932, na ulishavunjwa zamani. Hakuna anayekuja. Zilikuwa za kuazimwa kwa mwenye gereji ili akihama kampuni asibaki nayo akajazia petroli ya mwingine. Turudi kwa Mzee Mchuuzi: kila kitu kwenye kioo hiki kimezungukwa na hofu ya chakachua.

Usafi: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini. Usiguse steeliwaya. Usitumie dawa za kioo zenye amonia kwenye rangi usiyoijua, nimeona lenzi nzuri ikibaki nyeupe. Na ukitaka iwake, tafadhali weka balbu ya LED. Balbu za zamani za moto zinachemsha kioo ambacho kina miaka tisini na nyufa usizoziona. Hili nalisema kama fundi.

Kusafirisha: lenzi na mwili visikae boksi moja, na usikubali muuzaji asiyetaka kufunga boksi ndani ya boksi.

Injinia Kipara:
Nakubali somo, ila bado sitaweka alama ya Ethyl sebuleni kwangu.

Karabai:
Haki yako mkuu. Ukipitia Brooklands, Surrey, kuna vibanda vya petroli vya miaka ya 1920 vya Shell, BP na Pratts vimesimama vitatu. Utaona mambo haya mahali pake bila kuyaleta nyumbani.

Kijana wa Mabibo:
Wakuu, nimetumiwa picha hii WhatsApp na jamaa anayenunua vyuma chakavu. Ni kioo cha duara tu, hakina mwili. Kimeandikwa Mobilgas na farasi mwekundu. Anataka laki moja. Kina pengo dogo ukingoni.

Bongo Texas:
Hiyo ni lenzi, nusu ya globu. Mwambie akupigie picha ya nyuma na aweke futi ya cherehani juu yake. Ikitoka inchi 13 na nusu au 16 na nusu tunaongea. Ikitoka vipimo vya ajabu, ni saa ya ukutani iliyotolewa mishale.

Karabai:
Na pengo liko upande gani? Kama ni pembeni kabisa, pete ya fremu italifunika. Kama limekula hadi kwenye bawa la farasi, mpe elfu ishirini na soda. Picha ya nyuma kwanza, hela baadaye.

Kijana wa Mabibo:
Poa, naenda kwake kesho asubuhi na futi.